Mama Neno wa Nyuma ya Pazia

Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, daftari la tamthilia magotini, tochi mkononi, na hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona. Alikuwa mkumbushaji: mwigizaji akisahau, yeye humnong'oneza. Alitoa neno moja tu. "La kwanza ni msaada," alizoea kusema, "la pili ni umbea." Waigizaji wakampachika jina la Mama Neno. Wangekuwa wengi wa aina yake, dunia ingepumua.

Mumewe ndiye aliyecheza baba katika tanzia ambayo kikundi chao huirudia kila mwaka: baba anayemkataza bintiye kuolewa na kijana wa ukoo wa maadui, mpaka wapenzi hao wanakunywa sumu. Maneno yake aliyajua nje ndani. Lakini uzee hauna adabu. Mzee alianza kusahau miwani, yakafuata majina ya wajukuu, kisha maneno ya jukwaani, mahali pekee alipokuwa bado mwenyewe. Siku ya onyesho la kwanza la mwaka huo mwongozaji, mwanamke mkali lakini si mbaya, alimvuta Mama Neno kando.

"Mama, akikwama tena leo, kesho namweka mwingine. Unisamehe."

"Nimekusikia, mwanangu."

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Mzee alikwenda vizuri hadi tukio la mwisho. Akapiga magoti mbele ya maiti ya bintiye na ya yule kijana, akanyamaza.

"Fungueni," mkewe akanong'ona. Kimya. Akavunja sheria yake mwenyewe: "Fungueni milango." Kimya.

Mzee akageukia pazia, akauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Mama watoto, hawa wamelala tu?"

Mwongozaji akaidaka kamba ya pazia. Mama Neno akamshika mkono. Daftarini hapakuwa na jibu la swali hilo. Akalifunga, akatoka kwenye mwanga na raba zake miguuni, akapiga magoti kando ya mumewe.

"Hawajalala, baba watoto. Walipendana, sisi tukachelewa kuona."

"Walipendana," mzee akasema, machozi yakimtiririka. "Sisi tukachelewa kuona." Akavua joho lake akawafunika wote wawili, taratibu, kama alivyowafunika watoto wake zamani. Hilo halikuandikwa popote. Watu walilia bila haya, na maiti ya binti nayo, chini ya joho, ikawa inatikisika kwa kwikwi.

Pazia liliposhuka, mwongozaji alikuwa anapangusa macho kwa kiganja. "Nafasi ni yake, mama. Ila wewe nyuma ya pazia hurudi tena."

Tangu siku hiyo anapiga magoti jukwaani kama mama mfiwa, kitambaa cheusi kichwani. Mzee hajui tena jina la tamthilia. Kuna asubuhi humwita mkewe "dada" na kumshukuru kwa chai kama mgeni aliyekaribishwa, na hilo linamuuma mama, wala hafichi. Lakini tukio la mwisho likifika, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, mzee huanza mwenyewe kabla hajanong'onezwa: "Walipendana."