Jina la Merlinda Ubavuni mwa Ngalawa

Presing Dumalaog alianza kuchora majina ya ngalawa katika ufuko wa Concepcion akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na hamsini na moja. Mvuvi hakukishusha chombo kipya majini kabla Presing hajaja na vikopo vyake vya rangi. Alichora majina ya wake, ya mama, ya mabinti, ya watakatifu. Mara nyingine lilikuwa jina la mwanamke ambaye mke hamfahamu, na hapo Presing alichora kimya kimya, maana hakutumwa kuuliza.

Nywele alizikata fupi, na gauni alilivaa mara ya mwisho siku ya kipaimara. Nusu ya ufuko walimwita dada, nusu kaka, naye aliitikia yote. Vijana walipomwita jikedume, aliwauliza kama wachumba wao wanajua kwamba bado mama zao wanawafulia chupi.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiishi na Merlinda, muuza samaki wakavu sokoni. Kitanda kimoja, sufuria moja ya wali. Watu walijua, ila hakuna aliyetamka. Padri aliwaita "wale dada wawili wa kule chini", nao wakaliacha lipite. Diosdado, kaka yake Merlinda, alipita mbele ya mlango wao kila siku asiingie hata kunywa maji. Na ngalawa ya Presing, ile ndogo ya kuvulia ngisi, ilikuwa na namba ya usajili tu.

Mwezi wa pili akaja Jovert, msanii wa Iloilo mjini, mtoto wa mvuvi, mwanamume wa miaka arobaini aliyepaka wanja bila kujificha. Alikuwa akiandaa maonyesho katika ghala la zamani la barafu, kuhusu wavuvi wa pwani ile na wapendanao ambao majina yao hayatajwi. Alitaka ubao mmoja uliochorwa na Presing.

"Na ngalawa yako mbona haina jina, dada?" aliuliza.

"Ngisi hawajui kusoma."

Jovert alicheka, kisha akabaki akimtazama. Presing akageukia kopo lake, akakoroga rangi iliyokwisha korogeka zamani.

Ubao aliuchora siku tatu, nyuma ya nyumba, Merlinda akiwa sokoni. MERLINDA, herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu, na samaki wawili, vibua, chini yake. Jovert akauchukua. Presing hakumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye Merlinda alirudi kutoka sokoni mapema. Mteja wake, mwalimu, alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Alitua beseni, akakaa kizingitini, hakuvua hata kofia.

"Kumbe niko mjini," alisema. "Nimetundikwa ukutani."

Presing alisogea karibu naye. "Nisamehe, Merly. Najua hupendi watu waseme. Nitampigia simu auteremshe."

"Nani kakwambia auteremshe?"

"Si umekasirika?"

"Nimekasirika sana! Miaka ishirini na miwili unamchorea kila mtu. Umemchorea hata yule mlevi Osting jina la jogoo wake! Mimi nakusubiri tu. Nasema labda mwaka huu, labda mwaka ujao. Halafu unakwenda kuniandika kwa watu wasionijua, kwenye ubao usioelea!"

Presing aliketi kando yake kizingitini. Miaka yote hiyo aliamini anamlinda. Hakuwahi kumuuliza.

"Mbona hukusema?" aliuliza mwishowe.

"Na wewe mbona hukusema?"

Walikula wali na samaki mkavu, na Merlinda alimwekea Presing kichwa cha samaki, kama kawaida.

Asubuhi, jua limeshapanda na ufuko umejaa watu, Presing aliipiga msasa ngalawa yake ubavu wa kushoto, akachora mistari ya penseli, akaanza. Wavuvi wakaacha nyavu zao, wakasogea. Alipofika herufi ya nne, Osting akasema, "Haya, tumekwisha kuelewa. Unaweza kupumzika."

Watu wakacheka, Presing naye akacheka.

Merlinda alisimama kando, mikono kiunoni. "Hiyo R imelala."

"Haijalala."

"Imelala, Presing. Inyanyue."

Akainyanyua.

Rangi ilipokauka, siku ya pili, waliiteremsha ngalawa. Ilikuwa nzito kwa watu wawili. Diosdado alikuwa akipita na ndoo yake. Alisimama, akasoma jina taratibu kama mtu aliyesahau miwani, akaweka ndoo chini. Alishika mrengu, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, upande wa pili, akasukuma mpaka maji yakamfika magotini. Merlinda alipomwambia kuna supu ya ngisi jioni, alijibu kwamba ana shughuli, na kweli hakuja. Alikuja Jumapili.

Mambo mengine hayakubadilika. Padri aliendelea kusema "dada wawili". Mke wa mwenye duka la nyavu aliacha kununua samaki kwa Merlinda kwa miezi kadhaa, kisha akarudi, maana wa kwingine walikuwa na chumvi mno.

Mwezi wa sita akaja mvuvi kutoka kisiwa cha jirani, mtu mzima mwenye mabega mapana, ambaye Presing hakuwahi kumwona. Alitaka jina kwenye ngalawa yake. Alimpa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani kuliandikwa ARNULFO.

"Ni mjomba wangu," yule mtu alisema haraka. Akatazama bahari, akatazama miguu yake. "Hapana. Si mjomba."

Presing alivuta kigoda, akafungua vikopo vyake kimoja kimoja.

"Huyo Arnulfo," aliuliza, "anapenda rangi gani?"