Bibi Aliyemeza Miale

Wifi yangu Victorine anauza mawese sokoni Kasongo, na sijaona mtu mwenye kichwa kigumu kama chake. Nasema hivyo nikimpenda. Marehemu kaka yangu alimwoa akiwa msichana, kisha akatangulia na kuniachia kazi ya kugombana naye. Namshukuru kwa urithi huo.

Mwaka jana uvimbe wa shingo yake, ambao tuliuzoea, ukawa mgumu. Kumbe ilikuwa kansa. Mwanawe Serge, mfanyabiashara kule Salamabila, akampeleka Kampala. Wakamfanyia upasuaji, kisha wakammezesha kidonge cha iodini yenye miale. Daktari alimweleza kwamba tezi ya shingo inapenda iodini, itaivuta yenyewe, na miale itaua mabaki ya ugonjwa kutoka ndani. Lakini miale hiyohiyo ingetoka mwilini mwake na kuwafikia wengine. Kwa hiyo alilala peke yake, chakula akawekewa mlangoni. Hata akirudi nyumbani, asikae karibu na watoto wala wenye mimba mpaka mwezi uishe.

Akiwa hukohuko, Elsa, mke wa Serge, akajifungua mvulana hapa nyumbani kwa Victorine.

Kwetu sisi mtoto mchanga hatoki nje mpaka bibi wa upande wa baba ambebe na kumwonyesha jua. Basi Elsa akangoja ndani na mtoto wake. Victorine aliporudi alilala kwangu, ng'ambo ya kiwanja, na kila asubuhi Elsa alimwinua mtoto dirishani.

"Bwana yangu!" Victorine alimwita mjukuu wake kwa mbali, maana kwetu mjukuu ni mume wa bibi. "Usinichoke, niko nakuja!"

Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerudi na uchawi wa ugenini. Niliwatukana, tena si kidogo.

Mwezi ukaisha. Nikamwambia, "Haya, twende ukambebe." Akakataa!

"Dokta alisema kila siku nane nguvu yake inapungua nusu," akasema. "Nusu, halafu nusu ya ile nusu. Mathilde, bonge ya fufu ukiikata nusu, nusu, itaisha lini? Haiishi! Kitu kitabakia tu. Nitaua mutoto wa watu."

Eee Mungu wangu! Dawa imemponya, sasa hesabu inamfunga. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Elsa naye akaapa kwamba hakuna mwingine atakayembeba mtoto yule kumtoa nje, hata mama yake mzazi. Akabaki ndani na joto lile. Victorine alipima mawese huku analia, yanamwagika, wateja wanamwonea haya. Niliogopa sana. Niliona wifi yangu atazeeka ng'ambo ya kiwanja, na mtoto atamjua kwa sauti tu.

Siku moja nikachukua bidoni lake tupu la mawese, nikalipindua mbele yake.

"Mafuta yameisha?"

"Yameisha."

"Tia kidole."

Akatia. Kikatoka chekundu.

"Kumbe kitu iko," nikamwambia. "Sasa nikaangie ndizi kwa hayo."

Akanisonya. Lakini alikitazama kidole chake muda mrefu, kisha akaniomba simu.

Daktari wa Kampala alimjibu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Mama, hata udongo unaolima una miale kidogo. Hata ndizi unayokula. Iliyobaki kwako ni kidogo, haitamdhuru mtoto. Ile tarehe niliyokupa, hesabu yako yote ilikuwa ndani yake. Nenda umbebe."

Hakungoja hata kufunga kitambaa kichwani. Alivuka kiwanja kichwa wazi, mimi nyuma yake nakimbia na uzee wangu. Mlangoni akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena. Elsa akamsogelea. Akamweka mtoto mikononi mwake.

Victorine akatoka naye juani. Nikapiga vigelegele.

"Bwana yangu," akamwambia mtoto, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kovu la shingo, "asante kwa kuningojea."

Kisha akageuka. Elsa alikuwa bado kizingitini, palepale alipoishia siku zote zile.

"Na wewe, mwanangu, utangoja nani tena? Asante. Njoo, jua ni lako pia."

Elsa akatoka, huku amefumba macho kwa mwanga.