Mkufu wa Mchoraji

Jumamosi, kwenye jumba la makumbusho hapa Toronto, nilisimama nyuma ya wazee wawili, Wahindi wa kwetu Afrika Mashariki, mke na mume. Ukutani kulikuwa na picha za mchoraji wa Marekani ya zamani, aliyezunguka vijijini akichora sura za watu.

Ghafla bibi akamvuta mumewe mkono. "Mzee, tazama! Mkufu wa huyu mama ndio wa yule, na wa yule kule! Mchoraji alikuwa anatembea nao, kama mpiga picha wetu Tanga! Kila binti anayetafutiwa mchumba alivalishwa mkufu wa studio."

Mzee akamgeukia. "Hata ule wa kwenye picha yako niliyoletewa Mombasa?"

"Kwani ulidhani wa nani?"

"Si ulisema umemwachia mama yako!"

Nikajibana nikingoja ugomvi. Mzee akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Basi na saa niliyovaa kwenye picha yangu ilikuwa ya studio."

"Ile uliyosema imeibwa?"

Wakacheka hadi mlinzi akaja kuwatuliza.

Jamani, vijana wanaojiremba kwa simu kabla ya kutuma picha tuwaache. Ndoa ile ilianza na vitu vya kuazima, na wawili wale walitoka wameshikana mikono.