Nikinyamaza, Mama Analia

Mimi nikiumwa napiga kelele. Wako watu wanaouma kitenge, wanavumilia, halafu wanasifiwa kanisani. Mimi simo. Nilizaliwa na SS, ule ugonjwa wa damu unaosaga mifupa, na kila majira ya baridi, asubuhi zile ambazo maji ya ndoo hayashikiki, shida yangu inaanza. Inaanzia kwenye nyonga, inapanda mgongoni. Basi nalia, na kutukana natukana. Nimeshatukana wauguzi, nimetukana godoro, na tata pasta, mchungaji wetu, aliyeniambia nimtolee Mungu maumivu yangu nilimwambia ayachukue ampelekee mwenyewe.

Mama hakunikataza hata siku moja. Katika hospitali ile ya Kolwezi mgonjwa analala ndani, na aliyemleta anakaa uani, anapika kwenye mbabula yake ya makaa, anafua, usiku anatandika mkeka. Mama alichagua kila mara mahali chini ya dirisha langu. "Lia, mutoto yangu," aliniambia. "Mi nikikusikia, najua uko."

Alikuwa na sababu. Kaka yangu mkubwa alizaliwa na damu hiyohiyo. Alilia siku nyingi katika wodi ileile, kisha mchana mmoja akanyamaza. Mama, maskini, akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepata usingizi, akaendelea kusonga bukari. Alipoingia na sahani akamkuta ameshapoa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama tangu siku ile aliujua kwa masikio.

Mwaka mmoja sindano za kawaida zilishindwa kabisa. Daktari, mtu mpole, akanieleza kwamba atanitundikia chupa ya ketamini, dawa wanayowalaza nayo watu wa operesheni, lakini kidogo sana, tone kwa tone mshipani, nisilale, maumivu tu yaende mbali. Akasema naweza kuona vitu vya ajabu, na kuongea kutakuwa kugumu. Nikamwambia hata nimwone shetani, atie tu. Muuguzi akafungua dawa, akakaa kando akiangalia pumzi yangu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama.

Mguu wa kushoto ndio ulioniaga kwanza. Kisha nyonga, kisha mgongo. Maumivu yalikuwapo bado, ila yalikuwa ya mtu mwingine, jirani fulani upande wa pili wa ukuta. Dari ikashuka, ikapanda. Sikuwahi kujua kwamba mwili unaweza kumwacha mtu hivyo, na nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nikanyamaza.

Ndipo dirishani ikaingia sauti ya mama. "Mutoto yangu yee! Hata huyu? Unaniacha na nani?"

Kwetu mama mmoja akianza kilio, wengine hawaulizi. Uani kote wakafungua vitambaa vya kichwa, wakashika vichwa, wakalia naye. Mimi nasikia kila kitu. Nataka kusema niko, mama, niko hapa, na mdomo haunitii. Muuguzi akakimbilia dirishani: "Mama, hajakufa! Anapumuzika tu!" Wapi! Nani wa kumsikiliza? Mama alikuwa ameshajitupa chini.

Habari ilipanda pikipiki ikafika nyumbani Musonoi kabla ya chupa kuisha. Majirani walikwisha kutoa viti nje na kufunga turubai. Walilifungua jioni, habari kwamba niko hai ilipofika, wakitazamana kwa haya. Shangazi yangu wa Mutshatsha ndiye ambaye hakuipata habari ya pili. Aliteremka na magunia ya makaa ya kupikia matanga yangu, akanikuta nimekaa mkekani na sahani. "Weye," akasema, "uko nakula?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na makaa yale tuliyapikia msimu mzima. Mama hakucheka. Presha ilimshika siku ile ya kilio na haikumwachia tena.

Baridi iliyofuata walimwita ndani, wakamweleza yote. Akamwitikia daktari kwa kichwa. "Mumutie, munganga. Asiumwe." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono kifuani pangu. Nilipokuwa mbali niliusikia mkono ule ukitafuta pumzi yangu, na sauti ikiuliza, "Uko? Uko?" Sikuweza kumjibu. Akaendelea kuuliza mpaka akaanguka pale pale, wakambeba, wakamlaza kwenye kitanda kilicho jirani na changu.

Kesho yake mama alikuwa amerudi uani, na daktari akaja tena na chupa. Nikakataa. Alidhani naogopa zile ndoto za dawa.

"Itauma," akasema.

"Najua itauma! Miye ndiye ninayeumwa!"

Nililia mchana kutwa, nikalia mpaka koo likawa kidonda. Wanawake uani wakamshangaa mama yangu: mutoto analia namna hii, na yeye ametandika kitenge chini ya dirisha, amelala fofofo! Wakamsema vibaya. Muuguzi ndiye aliyenisimulia, na nilipandisha sauti zaidi, asije akaamka.

Presha ilimchukua kabla ya baridi nyingine. Sina la kusema juu ya msiba ule, isipokuwa kwamba turubai lilikuwa lilelile.

Mwaka huu nimerudi kwenye kitanda cha dirishani. Daktari akauliza, nikamwambia tia, sasa hakuna wa kushtuka. Mguu ukaondoka, nyonga ikaondoka, mgongo ukaondoka. Nikanyamaza. Nje walikuwa wakipika. Mfuniko wa sufuria ulianguka, mtu akacheka, mwingine akaomba chumvi. Nikatega sikio chini ya dirisha mpaka dawa ikaisha, na hakuna aliyeuliza kama niko.