Sikio kwenye Mpini wa Bisibisi

Leo jirani anapasua gogo la mti wa musizi, na harufu ya mbao mbichi imenirudisha Hamugembe nikiwa mtoto, kwenye karakana ya tata, baba yangu. Majina ya wote waliokuwapo ninayo, lakini hayahitajiki. Baba mdogo alikuwa amekufa, kama wengi miaka ile. Kwetu maiti ikiwa ndani majembe hulala, ila msumeno ulikuwa na jeneza la kumaliza, na mota yake ikaanza kunguruma vibaya.

Tata alikuwa amerudi kutoka vitani na masikio mabovu. Akaitenganisha mota na msumeno, akaiwasha izunguke peke yake, akaigusa kwa ncha ya bisibisi. Mpini akaniwekea sikioni.

"Inasemaje?"

Nikapaza sauti: "Inatafuna mchanga."

"Na upande huu?"

"Huku imetulia."

"Basi ni beringi ya kule."

Akazima, akafungua, akapaka grisi, akawasha tena. Hakuisikiliza, alinitazama usoni. Nikatabasamu.

Shangazi akanikaripia: "Wewe, unacheka na maiti iko ndani?"

"Mwache," tata akasema, akichukua ubao. "Huyo ndiye sikio langu."