Alama za Meno Kwenye Kiko cha Arap Tonui

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu nje kidogo ya Sotik, miaka ile ya tisini, saa tisa mchana, nikiwa sijaonja hata tone la pombe ya busaa. Na kiko chenyewe ninacho hadi leo.

Nilikuwa karani katika kiwanda cha chai, lakini nikifika nyumbani mikono yangu ilipenda viko vya wazee. Si lile bakuli la tumbaku, ni ule mrija mweusi wa kushika mdomoni. Ni mpira mgumu, na ukikaa sana hugeuka rangi ya kinyesi cha ndama. Niliusugua kwa msasa laini na maji, nikaupaka dawa ya meno, nikamaliza kwa nta ya nyuki. Na kulikuwa na ujanja mmoja nilioringia sana. Pale mwenyewe alipouma pakabonyea, ukipapitisha juu ya moto wa koroboi, mpira hujikumbuka na shimo huinuka lenyewe. Mrija unabaki kama wa dukani.

Siku moja mawingu yakiwa yamefunga, alikuja mzee mrefu mwenye koti zito. Alisema anaitwa Arap Tonui, wa Fort Ternan, karibu na reli. Kiko chake kilikuwa na udongo hadi ndani ya mrija. Nilimuuliza kama alikuwa amekifukia, akajibu kwamba kimekaa chini muda kidogo. Alitaka kumpelekea mkewe, ambaye alikuwa haoni tena.

"Toa hii uchafu yote," aliniambia. "Lakini hiyo alama ya meno usiguse."

Nilisema sawa. Kisha nikafanya nini? Niliupitisha mrija kwenye koroboi, alama zikainuka, nikang'arisha na kujisifu. Niliamini mzee akiona atafurahi.

Alirudi baada ya wiki, mvua ya mawe ikinyesha. Mng'ao hakuutazama. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya mrija, juu, chini, juu tena.

"Sasa mama atanijua aje?" aliuliza, bila hasira.

Alikiweka kiko mezani, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni nikimwita. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua, na hapakuwa na mahali palipokanyagwa. Unadhani nilipiga nduru? Niamini, sikuhisi kitu. Nilisimama tu, kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno.

Nilichowaza ni kuficha kosa. Niliupasha mrija moto tena, nikauuma kwa nguvu, juu na chini, ukapoa na alama zangu. Kesho yake nikasafiri hadi Fort Ternan.

Binti wa mzee ndiye aliyenipokea. Alipokiona kiko, alikaa chini kwenye nyasi. Baba yake, alisema, walimzika kabla ya mahindi kupandwa, na kiko hicho alikitia yeye mwenyewe katika mfuko wa koti la marehemu kabla ya jeneza kufungwa. Mama yao siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitalini. Mama na mzee walikuwa wameahidiana kwamba mzee akitangulia, kiko kiwekwe mkononi mwa mama ili ajue kwa kupapasa, na katika pilkapilka za mazishi watoto walisahau. Sasa mama hakubali kwamba mumewe amekufa. Hali chakula mpaka mzee arudi, na amebaki mifupa.

Tuliingia jikoni. Mama alikipokea kiko kwa mikono miwili, akapapasa mrija upande wa juu, uso wake ukalegea. Nikashusha pumzi. Kisha akaugeuza, na kidole kikasimama.

"Mzee wangu alitolewa meno mbili ya chini akiwa kijana," alisema. "Huku chini hakukuwa na alama. Hii ni meno ya nani?"

Nilimwambia ni yangu. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za kanisa hatukung'olewa meno, na desturi hiyo ya wazee wetu haikuwa hata imenijia akilini.

"Basi ni yako," alisema, akanirudishia. "Yake ataleta mwenyewe."

Hakuishi hata miezi miwili. Binti aliniandikia barua kwamba hadi siku ya mwisho sahani ya mama ilikuwa ikirudi imejaa.

Nilipokuwa narudi Sotik siku ile, meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yaliingia ganzi. Kabla ya mwaka kuisha yalitoka yote mawili, bila damu wala maumivu. La pili nililikuta kwenye ugali. Sasa mdomo wangu ungeweka alama sawasawa na zake, lakini wa kuzipapasa hayupo. Najua ningepaswa kulia. Sijawahi.

Kwa hivyo wewe unayesafisha vitu vya wazee, toa uchafu, uishie hapo. Ukiambiwa usiguse, usiguse. Na kama umeshagusa, peleka kosa lako jinsi lilivyo, usiliume.