Upande wa Mama kwenye Sinia

Mama alikuja Marekani baada ya kumaliza eda ya baba, akiwa amekonda hadi bangili zinapanda mpaka kwenye kiwiko. Alishukia Houston kwa kaka yangu, mtaa wa Alief, maana kaka ndiye mkubwa na ndiye aliyekata tiketi. Huko maduka ya Kiafrika hayako mbali, na kaka alimnunulia muhogo, samaki, unga, nazi, kila kitu alichodhani mtu wa Tanga hawezi kukikataa. Mama alishukuru, akala vijiko viwili, akasema ameshiba. Baada ya majuma kadhaa kaka akampakia garini, akaendesha saa nne mpaka kwangu, mji wa Mansfield, akamshusha na begi lake. Kisha akaniambia jikoni kwa sauti ya chini kwamba nijaribu na mimi, kwani yeye amechoka kumbembeleza mtu mzima. Daktari aliyempima hakuona ugonjwa. Alisema tu kwamba kwa hali ile asithubutu kupanda ndege, na kwamba akiendelea hivyo hivyo tutampoteza.

Nami nilikuwa na langu. Nilitaka ale, apate nguvu, kisha abaki. Sikutaka arudi kulala peke yake katika nyumba ile ya Tanga. Chumba nilishampangia, hata mapazia nilishanunua. Kwa hiyo kila tonge alilopeleka mdomoni nililitazama, naye alijua ninamtazama.

Nilimpakulia yeye wa kwanza siku zote, kwenye sahani ya wageni, nyama laini juu, kijiko kimefutwa vizuri. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa zamu. Mimi hospitali, leo mchana kesho usiku. Mume wangu ofisi yake ilikuwa mbali, mji wa Richardson, akitoka nyumbani alfajiri na kurudi akiwa amechoshwa na foleni. Watoto walikula mara tu wakirudi, mbele ya televisheni. Kila mtu alikula alipofika, mwingine amesimama. Mama alikaa kwenye meza ya watu sita, yeye na sahani yake, akichambua wali kama anatafuta mawe. Akimaliza kuchambua alifunika, akasema atakula baadaye.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, joto la Texas lilipokubali kupungua, tukampeleka na watoto kwenye shamba la maboga. Shamba lenyewe si la mtu kulima akala. Unalipa getini, unapanda tela lenye marobota ya majani makavu, trekta linakuzungusha palepale, kisha unapiga picha. Mama alipanda tela akiwa na kanga juu ya koti la mume wangu. Mwanangu wa kiume, wa miaka sita, mama alikuwa anamwita "mume wangu", na binti yangu mdogo alimwita "mke mwenzangu", kama bibi yeyote wa kwetu anavyowatania wajukuu. Mtoto wa kike alicheka. Wa kiume alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kiingereza kama bibi anajua kwamba yeye ni mtoto.

Maboga yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, ya rangi ya chungwa, safi kuliko watoto wangu. Mama aliinama, akagonga moja kwa kidole, akasikiliza, akagonga jingine. Aliniuliza wenyeji wanayapikaje. Nikamwambia hawayapiki. Wanayaweka mlangoni, watoto wanayatoboa macho na meno, na yakioza yanatupwa. Alitazama safu zile mpaka mwisho, akauliza kama ni yote. Nikamwambia ni yote. Akainua moja, akalikumbatia, na hakukubali mtu amsaidie kulibeba.

Mchana tulinunua chakula, kila mtu na kiboksi chake, tukakaa kwenye benchi. Mama alishika cha kwake mapajani kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake. Viazi vyote aliwagawia watoto, kimoja kimoja, nao wakala wakidhani bibi hapendi viazi. Na mimi mwenyewe nilidhani hivyo hivyo.

Kesho yake alilipika lile boga kwa nazi. Boga la kupigia picha halina utamu wowote. Lilitoa maji na nyuzi, sukari haikusaidia, na mimi nikala bakuli zima kwa adabu tu. Yeye hakuonja. Alisema boga hilo limelelewa kwa ajili ya macho, basi tusililaumu.

Mume wangu ni mtu wa Dodoma, na kwake yeye hakuna shida isiyofaa kuanza kutatuliwa kwa nyama. Mwaka uliotangulia jirani alikuwa amemfundisha kupika nyama kwa moshi, na tangu hapo uani kwetu palikuwa na pipa jeusi la chuma lenye bomba, ambalo alilifuta vumbi kuliko gari. Unawasha kuni upande mmoja, nyama inakaa upande mwingine, na moshi unaipika polepole kwa saa nyingi. Mama hakuielewa kazi hiyo hata kidogo. Kwetu chakula kikinuka moshi mpishi anaomba radhi. Alimwuliza mkwewe kama huku chakula kikiungua siku nzima ndipo kinaitwa karamu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwona mama naye akitabasamu, lakini tabasamu halijazi tumbo.

Basi mume wangu akanunua kifua kizima cha ng'ombe kwenye bucha ya halali, akakipaka chumvi na pilipili manga, akakiweka motoni mara tu baada ya sala ya alfajiri. Akampigia kaka simu aje na familia yake, nyama itakuwa tayari mchana. Kaka aliamini. Alitoka Houston asubuhi na mkewe na watoto wao wawili, na sufuria ya pilau ya wifi yangu imefungwa kwa kanga kwenye buti.

Nyama ikagoma. Wanaoijua kazi hiyo wanasema ndiyo tabia yake. Ikifika joto fulani inasimama, saa zinapita na kipimo cha joto hakisogei, na ukiongeza moto unaharibu. Mume wangu alikaa kwenye kiti mbele ya pipa, akisoma kipimo na kusema bado kidogo. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Watoto walikula biskuti, wakagombana, wakalia, wakalala, wakaamka wakalia tena. Kaka alianza kusema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba Alief kuna mikahawa mingi na yote iko wazi. Nilikasirika, tena sana, nikiwaza siku nzima imepotea na mama hajatia kitu tumboni isipokuwa chai ya rangi.

Nyama ilikubali baada ya magharibi. Mume wangu aliitoa na kuiweka kwenye kitu cha karibu, sinia kubwa la bati nililokuja nalo kutoka Tanga, ambalo siku hizo kazi yake ilikuwa kuyeyushia kuku wa friji. Nilikuwa ndani natafuta sahani za kutosha. Wifi yangu hakunisubiri. Watoto walikuwa wanalia kwa njaa, naye akapindua pilau palepale kwenye sinia, kaka akaikatakata nyama juu yake, na mkeka ukatandikwa kwenye nyasi. Nilipotoka na sahani zangu mikononi hakuna aliyegeuka. Nikaziweka chini, nikanawa, nikajipenyeza.

Mama alikuwa amekaa kati ya binti yangu na kaka. Mkono wa kulia alikuwa amenawa, lakini umetulia gotini. Binti yangu aliokota kipande cha nyama, cha pembeni, kile cheusi chenye pilipili. Alikilamba, akakunja uso, akakisukuma kwa kidole mpaka upande wa bibi yake. Si kwa wema. Alikuwa anakiondoa mbele yake.

Mama alikitazama kile kipande. Akakichukua, akala. Kisha akatengeneza tonge la pilau, akala. Akachukua jingine.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Sisi watoto tulipoondoka nyumbani, mama na baba walibaki wawili na sinia moja. Nilipokwenda kuwasalimia niliona jinsi baba alivyokula. Anasimulia habari za sokoni, anamlalamikia diwani, huku kidole chake kinasukuma nyama kwenda upande wa mama bila hata kumtazama. Mama naye anakula bila kushukuru. Halikuwa jambo la kushukuru, lilikuwa chakula cha mchana. Nikakaa kwenye mkeka ule nikaona aibu kwa sahani zangu za wageni.

Kaka alikuwa ameacha kutafuna. Mama akatuona tunavyomtazama.

"Mke mwenzangu kanilisha," alisema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sijawahi kupakuliwa peke yangu, wanangu. Nilikuwa sijui pa kuanzia."

Tukala. Nyama ilikuwa laini, na mama alikiri kwamba moshi wake si mbaya kwa mtu mwenye njaa. Mume wangu alilichukua neno hilo kama nishani. Tangu siku ile sinia halikurudi kwenye kazi ya kuku. Nilibadilisha zamu nilizoweza, mume wangu akawahi kurudi alivyoweza, na asipokuwepo mtu watoto walikaa na bibi yao chini, wakimwachia vitunguu, mapilipili na kila wasichokitaka. Alikula vyote. Bangili zilianza kushuka mkononi.

Siku moja tunaosha vyombo akaniambia, "Sasa ninakula, mwanangu. Nirudisheni."

Nilimwambia hapa ndipo alipopatia hamu ya kula, kwa nini asibaki hapa hapa. Nilimwonyesha mapazia. Nilisema mengi, mengine kwa hasira. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema sisi tunakula pamoja kwa kujilazimisha, anaona tunavyokimbizana, na kule mtaani kwake kuna watoto wa jirani wasiohitaji kualikwa. Daktari alimpima tena akamruhusu kupanda ndege, naye akaondoka kabla ya baridi. Kaka alininunia, akisema nimemnenepesha mama ili aende zake.

Kwenye simu nikaacha kumwuliza amekula nini. Nilimwuliza amekula na nani. Alinitajia watoto wa jirani mmoja mmoja, na nani kamaliza nyama.

Mwaka wa 2020, ugonjwa ulipoingia hospitalini kwetu, nilijitenga na familia kwenye chumba kile kile cha mapazia. Mume wangu aliniachia sahani mlangoni, akabisha hodi, akaondoka. Watoto walinipungia kutoka mwisho wa korido. Mwezi wa kumi ulipofika hatukwenda shamba la maboga. Jumamosi moja nimetoka zamu ya usiku, moshi wa pipa ukiingia dirishani na sauti za watoto ziko uani, mama akapiga simu ya video. Asubuhi yangu ni jioni yake. Nikamwuliza amekula na nani. Akasema bado, ndiyo wanapakua.

"Na wewe," aliniuliza, "umekula na nani?"

Sahani ilikuwa mapajani mwangu, jana ilikuwa hapo hapo, na nusu ya chakula nimekifunika. Niligeuza simu aione. Aliitazama ile sahani. Akaegemeza simu kwenye birika, akavuta sinia mpaka karibu, akawaambia watoto wa jirani wasogee. Niliona mkono wake, bangili zimekaa mahali pake. Kidole kikasukuma kipande cha samaki juu ya wali, taratibu, mpaka ukingoni upande wa simu.

"Kula, mwanangu."

Nikafunua sahani yangu, nikala.